Chubwi zangu za risasi (vizito vya mshipi) zinatoka na makunyanzi na uzito haulingani, nifanyeje?

Kijana wa Sahare
Wakuu salaam. Nipo Sahare hapa Tanga, navua mshipi kwa ngalawa nje ya Ulenge. Siku za bamvua chubwi za dukani hazitulii chini, mkondo unazikokota hadi ndoana inanasa kwenye matumbawe, ndiyo maana nimeanza kumimina mwenyewe. Nina kalibu (umbo la kumiminia) ya alumini ya vipande viwili, ya gramu 200. Risasi napata kwa mafundi matairi, zile za kubalansi ringi. Tatizo: nyingine zinatoka na makunyanzi, nyingine zina tundu juu karibu na kitanzi, na kwenye mizani moja inasoma 200, nyenzake 185. Kalibu mbovu hii? Nitafute nyingine?

Fundi Ngamiani
Usiitupe kalibu, mdogo wangu. Namimina chubwi hapa Ngamiani miaka mingi, na hizo ni dalili za moto na usafi.

Makunyanzi maana yake kalibu ni ya baridi, au ina mafuta. Ioshe kwa sabuni, ikaushe kabisa, kisha ipitishe juu ya kibatari ishike masizi mepesi, mepesi tu. Ipashe pembeni ya jiko. Chubwi tatu nne za mwanzo zirudishe sufuriani bila huruma, hizo kazi yake ni kuipasha kalibu. Ikianza kutoa chubwi laini zinazong'aa, shika mwendo huohuo, usisimame kupiga soga. Ukiona zimegeuka nyeupe kama zimepakwa unga, moto umezidi.

Tundu la juu ni risasi inayosinyaa ikiganda. Wengi wanajaza hadi mdomoni na kuondoa upawa papo hapo. Wewe endelea kumimina pole pole, acha kilima kidogo juu ya mdomo wa kalibu. Utakiona kilima kinadidimia katikati: hapo chubwi inakunywa kutoka juu. Kikishaganda ndipo ufungue, ukate.

Sasa hiyo ya 185. Ama ina pango ndani, ama umeyeyusha zinki. Vipande vya ringi siku hizi vingi ni zinki, na vingine chuma. Risasi safi inayeyuka kwenye nyuzi 327, zinki 419. Kwa hiyo usiuchochee moto kupita kiasi: risasi ikishayeyuka, zinki na vibanio vya chuma vinaelea, vichote utupe. Zinki ikishaingia, risasi inakuwa nzito kama uji na haijazi kona za kalibu. Halafu tia kipande cha nta ya mshumaa, koroga hadi chini kwa kijiti kikavu, uengue taka nyeusi. Nta itawaka, kaa mbali na uso.

Na maji! Huku kwetu pwani kalibu ikilala nje inaamka na umande. Tone moja likiingia chini ya risasi ya moto linageuka mvuke ghafla na risasi inaruka usoni. Usitumbukize kipande kibichi kwenye risasi iliyokwisha yeyuka. Miwani, viatu vya kufunika, suruali ndefu, na upepo ukupige mgongoni.

Mjukuu wa Handeni
Shikamoo Fundi. Babu yangu alimimina goroli za gobore, naye alishikilia hilohilo la uzito. Goroli yenye pango ndani haiendi mstari. Hata wanaolenga shabaha kwa bunduki za kushindilia mdomoni huko Marekani wanapima goroli moja moja, nyepesi inarudi chunguni. Ila wao wanataka risasi safi, laini, hawapendi hiyo ya ringi kwa kuwa ni ngumu. Kwa chubwi haidhuru.

Fundi Ngamiani
Marahaba. Kweli kabisa, kwa chubwi ugumu hauna neno.

Mama Mwambani
Naomba mnisikilize na mimi. Sufuria ya risasi isirudi jikoni kamwe, na kazi hiyo isifanyike uani watoto wanapocheza. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Betri za gari msizipasue kutafuta risasi, tindikali na vumbi lake ni balaa. Na nyie wavuvi acheni kubana chubwi ndogo kwa meno! Koleo zipo.

Kijana wa Sahare
Ahsanteni sana, na mama nimekuelewa, nahamia ufukweni. Fundi, kitanzi nitumie waya gani? Wa kufungia nondo umeoza mapema.

Fundi Ngamiani
Huo chumvi inaula. Tafuta waya wa stenlesi, ncha zake zipinde kwa ndani ili samaki mkubwa asiuchomoe. Upashe pamoja na kalibu kabla ya kumimina, waya wa baridi nao unaleta tundu palepale kwenye kitanzi.