Nimepigwa Vienna: ziara ya "mji wa muziki" euro 118, muziki pekee tuliousikia ni wa spika ya duka la chokoleti

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu na una povu. Asiyetaka povu apite kushoto.

Kampuni siitaji jina maana bado tunaandikiana, na sitaki waje kusema nimewachafulia biashara kabla hawajanirudishia hela yangu. Mji nautaja: Vienna, Austria.

Iko hivi. Baba yangu mdogo ana miaka 72. Zaidi ya miaka thelathini amefundisha kwaya ya parokia huko Songea. Nota za mistari hasomi, yeye ni solfa tu (do, re, mi), ubaoni, kwa chaki. Ave Verum, wimbo wa kanisa wa mtunzi Mozart, kwaya yake inauimba wakati wa komunyo tangu mimi sijaota meno. Mwezi Mei alikuja kunitembelea hapa Munich, nikamuuliza, baba, Ulaya hii unataka kuona nini? Nilidhani atasema uwanja wa mpira. Akasema, "Nipeleke alikozikwa Mozart."

Najua Salzburg iko karibu zaidi na Munich, kila mtu kaniambia. Salzburg ndiko alikozaliwa, 1756. Mzee alitaka alikofia. Kwa hiyo treni, mwendo wa saa nne, mpaka Vienna.

Kumbe ningempeleka mwenyewe yangeisha. Ila nikawaza, mzee kaja mara moja, apate mtu anayejua, mwenye kusoma hayo mambo. Nikaingia mtandaoni nikakuta ziara ya muda wa saa tatu, kwa basi na kwa miguu, euro 59 kwa kichwa. Tangazo nimelihifadhi. Linasema tutaingia ndani ya Jumba la Opera, tutatembelea nyumba ya Mozart, tutafika makaburi ya wanamuziki wakubwa, na tutasikia muziki wa moja kwa moja. Vitu vinne. Hesabuni nami tulipata vingapi.

Saa 4 asubuhi tuko mbele ya opera. Watu 34, mwongoza watalii mmoja, mwavuli juu. Tukagawiwa hedifoni. Ya mzee inakwaruza kama redio ya mkulima wakati wa mvua. Naomba ibadilishwe, naambiwa hakuna ya akiba. Basi kuanzia hapo mimi ndiye mkalimani wa Kiingereza na mimi ndiye hedifoni.

Mwongozaji anatuambia, kwa sauti ya mtu anayejiamini kabisa, kwamba Mozart alizindulia opera yake Die Zauberflöte (mchezo wa kuimba) ndani ya jengo lile lililo mbele yetu. Namtafsiria mzee. Mzee ananigusa kiwiko: "Si alikufa 1791 huyu? Mbona jengo linaonekana la juzijuzi?"

Jengo lilifunguliwa 1869, wakuu. Miaka 78 marehemu yuko udongoni. Opera yenyewe ilionyeshwa mara ya kwanza 30 Septemba 1791 kwenye ukumbi mwingine kabisa, kule Wieden, nje ya kuta za mji wa wakati huo, na ukumbi huo haupo tena. Nadhani jamaa alichanganya kwa sababu usiku wa ufunguzi mwaka 1869 walicheza kazi ya Mozart, Don Giovanni. Lakini mimi ni fundi wa mifumo ya joto, siyo mwongozaji! Kwa nini nijue mimi asijue yeye?

Na kinachouma ni kwamba jengo lile lina hadithi yake ya kweli, haihitaji chumvi. Wasanifu walikuwa wawili, na watu wa Vienna waliwasema vibaya jengo likiwa bado linajengwa, mpaka mmoja wao, Eduard van der Nüll, akajinyonga mwaka 1868. Haikupita miezi mitatu mwenzake, Sicardsburg, naye akafariki. Hakuna aliyeona ufunguzi. Tarehe 12 Machi 1945 likapigwa mabomu likaungua, na likafunguliwa tena Novemba 1955 kwa Fidelio, opera ya Beethoven. Haya yote nimeyasoma usiku hotelini kwa hasira. Yeye tuliyemlipa alituambia opera ina viti vingi na tusiache mikoba wazi.

Ndani? "Leo kuna mazoezi." Ratiba ya ziara za ndani opera wenyewe huiweka wazi mtandaoni. Kampuni ilijua tangu lini?

Sasa sikilizeni hii. Pale nje ya opera kuna vijana wamevaa mawigi meupe na makoti marefu mekundu kama Mozart, wanauza tiketi za matamasha kwa watalii. Ukifika Vienna utawaona, pale na kwenye kanisa kuu. Sina ugomvi nao, ni kazi. Ugomvi wangu ni kwamba mwongozaji wetu aliwaita, akasimama pembeni, na sisi watu 34 tukapigwa mnada wa tiketi kwa dakika 25! Nilitazama saa. Jengo la opera lilipata dakika sita.

Kutoka hapo kanisa kuu la Mtakatifu Stefano. Mozart alifunga ndoa na Constanze humo tarehe 4 Agosti 1782, na mwili wake ulibarikiwa palepale Desemba 1791. Mtunzi Haydn naye aliimba humo akiwa mtoto wa kwaya. Mwalimu wa kwaya amesimama mlangoni pa kanisa hilo, na anachotafsiriwa ni urefu wa mnara, mita 136, kisha "tuendelee, tuendelee". Mzee goti linamsumbua, alikuwa nyuma hatua kama ishirini. Mwongozaji hakugeuka hata mara moja. Tuliufuata ule mwavuli kama ng'ombe.

Nyumba ya Mozart iko nyuma tu ya kanisa, Domgasse 5. Aliishi hapo kuanzia 1784 hadi 1787, na humo ndimo alimoandikia opera ya Ndoa ya Figaro. Ni makumbusho, mlango uko wazi, watu wanaingia. Sisi tulisimama barabarani tukatazama madirisha. Nikauliza, hatuingii? "Tiketi ya ndani haikujumuishwa." Lakini tangazo lilisema tutatembelea. "Ndiyo, tumetembelea, tuko hapa."

Halafu dukani. Hapo tulikaa, tukaletewa na vipande vya kuonja. Chokoleti za mviringo zenye sura ya Mozart, ambazo asili yake hata siyo Vienna, ni Salzburg, 1890. Spika ya dukani ilikuwa inapiga kitu kama Mozart wa kwenye lifti. Mtalii mmoja wa kundi letu akasema kwa utani, labda huu ndio muziki wa moja kwa moja. Wakuu, ilikuwa kweli. Hakuna mwingine tuliousikia mpaka mwisho.

Basi lilituzungusha Ringstrasse, barabara inayozunguka katikati ya mji, sanamu ya Beethoven tumeiona kupitia kioo, upande ambao sisi hatukukaa. Hapo nikajaribu kumwokoa mwongozaji. Nikamuuliza habari za Bridgetower. George Bridgetower, mpiga violini mwenye asili ya Afrika kwa upande wa baba, ndiye aliyecheza na Beethoven Sonata ya violini namba 9 kwa mara ya kwanza, hapohapo Vienna, kwenye bustani ya Augarten, Mei 1803, saa 2 asubuhi. Iliandikwa kwa ajili yake. Wakagombana, Beethoven akafuta jina lake akaweka la Kreutzer, mpiga violini mwingine, ambaye inasemekana hakuwahi hata kuicheza. Nilitaka mzee asikie hiyo kutoka kwa mtu mwenye mwavuli. Jibu nililopata: "Nani?"

Saa 7 kasoro robo basi likasimama tulikoanzia. Na makaburi? "Leo kuna foleni barabarani, na makaburi ni sehemu ya hiari." Nikamwambia huyu mzee ametoka Tanzania kwa ajili ya makaburi. Akamshika bega mzee wangu akamwambia, kwa Kiingereza, rafiki yangu, kesho chukua teksi.

Rafiki yangu! Mtu wa miaka 72! Mzee hakujibu. Alikuwa na daftari lake la solfa kwenye mfuko wa koti, akalipapasa kama anahakikisha lipo, akaniuliza choo kiko wapi.

Kesho yake tulipanda tramu namba 71. Ni tikiti ya kawaida ya mjini, euro chache tu. Watu wa Vienna wana msemo, mtu akifa wanasema amepanda 71, kwa sababu ndiyo tramu inayokwenda Zentralfriedhof, makaburi makuu ya mji. Unashuka lango la pili, kuingia ni bure. Wamezikwa humo watu takriban milioni 3, yaani walio chini ni wengi kuliko wakazi wa mji. Sehemu namba 32A wako Beethoven, Schubert, Brahms na Johann Strauss, jirani kwa jirani kama nyumba za kota. Katikati kuna mnara wa Mozart.

Mzee akauliza swali ambalo mwongozaji hakuwahi kuulizwa maishani mwake: "Sasa hapa yupo au hayupo?"

Hayupo. Beethoven na Schubert walihamishiwa hapo 1888 kutoka makaburi mengine, mifupa yao ipo. Ya Mozart ni kumbukumbu tu. Yeye alizikwa makaburi ya St. Marx, na mahali penyewe hasa hapajulikani. Ndani ya basi tulikuwa tumeambiwa alitupwa kaburi la halaiki kama maskini. Siyo hivyo. Alizikwa kaburi la kawaida, kama raia wengi wa wakati wa Kaisari Josefu wa Pili, aliyepiga marufuku mazishi ya mbwembwe, na makaburi kama hayo yalifukuliwa baada ya miaka ili yatumike tena.

"Basi nipeleke aliko," akasema mzee. St. Marx iko njiani kurudi mjini. Pamekuwa kama bustani, miti mingi, kimya. Kuna nguzo iliyokatika na malaika mdogo kaegemea kwa huzuni. Mzee akavua kofia, akatoa daftari, akaniambia nishike sauti ya kwanza. Sijaimba tangu kidato cha nne. Yeye besi, mimi sijui nilikuwa sauti gani. Tuliimba Ave Verum mpaka mwisho, hauzidi dakika nne wimbo wenyewe.

Jumapili saa 5 asubuhi tukaenda misa kanisa la Augustiner, ambako misa kubwa huimbwa na kwaya pamoja na okestra nzima. Hakuna tiketi, unatoa sadaka yako. Mzee alikaa kaangalia juu kwenye kinanda mpaka nikamkumbusha kupiga magoti.

Sasa turudi kwa wezi. Nimewaandikia mara tatu. Jibu la kwanza lilikuwa la mashine. La pili wakaniambia masharti yanasema mpango unaweza kubadilika. La tatu wamenipa punguzo la asilimia 15 kwa ziara ijayo. Ziara ijayo! Niende tena kuangalia madirisha kwa bei nafuu?

Jambo jingine nimejua baadaye: Austria kuongoza watalii ni kazi inayosimamiwa na sheria, mtu anafanya mtihani, anapata sifa rasmi. Wa kwetu hakuwa na beji yoyote, na nilipomuuliza wakati tunashuka alisema yeye ni "msindikizaji wa kundi". Hilo nimeliandika kwenye barua ya nne, na nakala nitaipeleka kwa wanaosimamia leseni.

NYONGEZA: Mnaosema "ungesoma masharti", nimesoma, Kijerumani nakijua. Mpango unaweza kubadilika maana yake barabara ikifungwa mnapita nyingine. Haina maana ya kufuta vitu vinne kati ya vinne na kuweka duka. Aliyeniuliza kama Vienna haifai kwenda: nendeni, mji hauna kosa lolote. Pandeni 71.

Nimewapa siku 14 warudishe euro 118 zote. Tangazo, risiti na picha ninazo. Mrejesho nitauleta hapahapa.

Na mwenye ndugu Songea tafadhali: mzee hajui bei. Anadhani ziara ile ilikuwa ya bure, ndiyo maana alivumilia. Atakayemwambia tutagombana.