Mrejesho: Jamaica bila mwongoza watalii, nimerudi

Wadau, si niliuliza kama naweza kwenda Jamaica kuangalia ndege wa porini mwenyewe bila kampuni ya utalii, basi nimeenda nimerudi salama. Gari nilikodi Kingston, wanaendesha kushoto kama kwetu Tanzania, ila ile barabara ya kupanda Blue Mountains hadi Hardwar Gap, kona zake we acha tu. Asubuhi ukungu mtupu, mara doctor bird huyo, ndege wao wa taifa, ni kama chozi wetu ila anaganda hewani na mkia umemzidi mwili, akanyonya maua hatua mbili toka niliposimama!! Yule njiwa wanayemwita mchawi wa mlimani nilimsikia tu. Ecclesdown Road, barabara nyingine ya kuangalia ndege, mvua siku nzima, mliosema nitenge siku mbili kule nilibisha bure.