UPS, stebilaiza au inveta: kipi kinafaa kwa kompyuta ya mezani ya nyumbani?

Mhariri wa Tabata

Habari zenu wadau. Nahariri video za harusi na za kipaimara nikiwa nyumbani, kwa kompyuta ya mezani niliyoinunua ikiwa imeshatumika, na kwa miezi kadhaa sasa inajizima ghafla nyakati za jioni hata pale ambapo taa za sebuleni hazijatikisika. Wiki iliyopita ilizima zikiwa zimebaki dakika chache kukamilisha video ya saa mbili, na ilipowaka tena, diski ya nje niliyokuwa nikihifadhia kazi ilikataa kusomeka. Nilitumia siku mbili kuokoa picha za watu, na baadhi ya mafaili sikuyapata kabisa.

Madukani nimeshauriwa mambo matatu: UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme unapokatika) ya volti-ampea 650, yaani kipimo cha mzigo inaoweza kubeba, stebilaiza ya volti-ampea 1000, au inveta yenye betri ya ampea-saa 100. Bei zake zimepishana sana, na kila muuzaji anasifia alicho nacho. Mzigo wangu ni kompyuta, skrini moja ya inchi 22 na ruta. Naomba aliyevitumia anieleze kipi kinatibu tatizo lipi, na vinatunzwaje.

Fundi wa Tanga

Pole sana kwa hasara hiyo, ndugu yangu. Kabla hujatoa hela, pima. Umeme wa majumbani Tanzania unatakiwa kuwa volti 230, kwa hiyo chukua mita, iweke upande wa volti za umeme wa nyumbani, upime kwenye soketi ya kompyuta asubuhi, mchana, na saa mbili usiku, wakati majirani wamewasha majiko na pasi. Upime mara mbili kila wakati: kwanza kompyuta ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inafanya kazi nzito. Halafu pima na soketi nyingine ya mbali ndani ya nyumba hiyo hiyo, kwa sababu tofauti kati ya soketi mbili inaeleza mengi kuliko namba yenyewe.

Nasisitiza hili kwa kuwa vifaa ulivyovitaja havitibu ugonjwa mmoja. Stebilaiza hupandisha umeme ulioshuka na kuushusha uliozidi, lakini haina betri, hivyo umeme ukikatika nayo inalala. UPS ya volti-ampea 650 kwa kawaida hubeba betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7, ambayo kwenye karatasi ni wati-saa 84. Kwa mzigo wa wati 150 usitegemee zaidi ya dakika kumi hivi, muda unaotosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu, si kumalizia video. Inveta, inayogeuza umeme wa betri kubwa uwe kama wa ukutani, ndiyo ya kuendelea kufanyia kazi gizani. Betri yake ya volti 12 na ampea-saa 100 ni wati-saa 1200, ila ikiwa ni ya madini ya risasi usiishushe chini ya nusu, na ukitoa kinachopotea njiani unabakiwa na kama wati-saa 500, sawa na saa nne kwa mashine inayokula wati 120.

Kuna jambo ambalo wengi hulipita. UPS za aina hii huhama kutoka umeme wa ukutani kwenda kwenye betri kwa milisekunde 4 hadi 10, na pawa saplai isiyo na hitilafu (kifaa cha ndani ya kompyuta kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa sehemu zake) hutakiwa kushikilia mzigo wake kwa takriban milisekunde 16 bila umeme kuingia. Uwezo huo unatokana na kapasita zake, yaani vipande vinavyotunza chaji ya umeme, nazo huchoka kwa umri na joto. Ndiyo maana mtu hununua UPS mpya, umeme ukakatika kompyuta ikazima vilevile, akairudisha UPS dukani akidai ni mbovu, kumbe pawa saplai ndiyo iliyokufa nusu. Mashine yako imetumika, na inazima pale ambapo taa hazioneshi kitu. Mimi ningeanza kuishuku hiyo pamoja na nyaya, kabla ya kununua chochote.

Mwalimu wa Morogoro

Nakubaliana na Fundi, nami naongeza uzoefu wangu wa inveta. Niliinunua wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, na kwa kipindi kile ilistahili kila shilingi. Baadaye mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ikaanza kuingia kwenye gridi, ya kwanza ikiwa Februari 2024, na mtaani kwetu kukatika kwa saa nyingi kumepungua. Kinachobaki ni kukatika kwa muda mfupi na umeme mdogo wa jioni, mambo ya nyaya na transfoma za mtaani ambayo hata bwawa la megawati 2,115 haliwezi kuyaondoa. Ningekuwa nanunua leo kwa kompyuta peke yake, ningechukua UPS nzuri na kuacha inveta.

Ukiamua inveta, uliza kama inatoa wimbi laini kama la umeme wa ukutani au wimbi la ngazi-ngazi. Zile za ngazi ni rahisi bei, lakini pawa saplai nyingi za kisasa hazielewani nazo: huvuma, hupata joto, na nyingine huzima. Pia hakikisha inahama haraka, kwa kuwa baadhi zimetengenezwa kwa ajili ya taa na televisheni, na kompyuta haisubiri.

Betri ya kuongeza maji nimeitunza hivi: kila mwezi nafungua vifuniko, naangalia kama sahani za risasi zimefunikwa, na naongeza maji ya betri tu, kamwe si ya bombani. Vichwa vyake navisafisha na kupaka grisi. Inakaa barazani penye hewa, kwa sababu inapochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Betri za lithiamu ya fosfeti ya chuma hazihitaji kazi hiyo na huvumilia kutumika karibu zote kwa mizunguko mingi zaidi, lakini bei ya mwanzo ni kubwa, na chaja ya inveta lazima iwe imewekewa mpangilio wa betri hizo.

Dada wa Vipuri, Dar es Salaam

Kuhusu pawa saplai yenyewe. Kaka Mhariri, kwa kuwa mashine yako ni ya mtumba, angalia nyuma yake kama ina swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Ikiwa imetoka nchi ya volti 120 na swichi imebaki kwenye 115, siku utakayoichomeka hapa italipuka papo hapo. Yako imeshafanya kazi, kwa hiyo upo salama, lakini nawaandikia na wengine, maana naletewa zilizoungua kwa njia hiyo mara kwa mara.

Ukibadilisha, usidanganyike na namba kubwa ya wati iliyoandikwa pembeni. Soma jedwali la lebo, uangalie ampea za mstari wa volti 12, kwa sababu prosesa na kadi ya picha hula huko. Zidisha kwa 12 uone kama inakaribia wati zilizotajwa. Alama ya 80 Plus maana yake ilipimwa ikaonekana haipotezi zaidi ya takriban moja ya tano ya umeme kwenye vipimo vyake. Na kompyuta nyingi za ofisini za Dell na HP hutumia plagi na umbo lao wenyewe, kwa hiyo njoo na ile ya zamani mkononi.

Wa Pwani, Mombasa

Sisi tulio karibu na bahari tuna adui mwingine, ambaye ni chumvi. Usiweke UPS dirishani. Vumbi ndani ya kasha lipulize kila baada ya miezi michache, feni ukiishika kwa kidole isizunguke, lakini pawa saplai yenyewe usiifungue: kapasita zake zinaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa waya. Na joto linaua betri ya UPS pole pole. Kila nyuzi kumi zinapoongezeka, umri wake hukaribia kupungua kwa nusu, hivyo ile inayouzwa kama ya miaka mitatu hadi mitano hapa kwetu huibadilisha mapema.

Jambo la mwisho. Ukigusa kasha la kompyuta ukahisi mwasho kwenye ngozi, soketi haina ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja. Usilizoee.

Mhariri wa Tabata

Asanteni sana wote. Nimepima siku tatu kama Fundi alivyoelekeza. Soketi ya sebuleni jioni ilisoma volti 221 na kutulia. Soketi ya chumba cha kazi ilisoma 220 kompyuta ikiwa peke yake, lakini mke wangu alipochomeka pasi kwenye soketi ya jirani, namba zikaanza kucheza kati ya 200 na 215, na mara moja kompyuta ikazima mbele ya macho yangu. Jioni ndipo tunapopiga pasi nguo za watoto za shule.

Tumezima swichi kuu, fundi wa mtaani akafungua soketi. Skrubu ya waya wa nyutro (ule wa kurudisha umeme) ilikuwa imelegea kiasi kwamba waya ulitoka kwa kuvutwa na vidole, plastiki yake imekuwa ya kahawia na kukakamaa, na ndani kulikuwa na harufu ya kuungua. Waya wa ethi ulikuwepo, umekunjwa nyuma bila kufungwa popote.

Fundi wa Tanga

Hapo mmeepuka moto. Mwambie akate kipande kilichoungua, aweke soketi mpya, afunge ethi, kisha apite soketi zote za laini hiyo, kwa maana aliyeacha moja namna hiyo huenda aliacha na nyingine. Upime tena pasi ikiwa imewashwa. Namba isipocheza, nunua UPS ya volti-ampea 650 yenye kirekebisha volti ndani yake, ambayo lebo inaonesha inapokea kuanzia volti 170 au chini ya hapo. Kwa volti 221 huna haja ya stebilaiza.

Diski ya nje nayo ichomeke kwenye upande wa UPS wenye betri, printa ya leza usiichomeke humo kabisa, na kila baada ya miezi mitatu chomoa UPS ukutani kompyuta ikiwa imewaka na kazi imehifadhiwa, uhesabu dakika. Zikishuka kufikia nusu ya zile za siku ya kwanza, badilisha betri.