Mume wangu anataka kuhamia vepu, mdogo wangu naye nimemkuta nayo. Niwaambie nini?

Mama Riziki, Umoja

Habari zenu nyote. Naomba ushauri wa dhati, hasa kwa walio na ujuzi wa afya au waliopitia jambo hili.

Mume wangu amevuta sigara tangu kabla hatujajuana. Anafanya kazi ya zamu Industrial Area, na asubuhi hawezi kunywa chai kabla hajatoka nje kuvuta ya kwanza. Kikohozi chake cha alfajiri sasa kinamwamsha hata mtoto. Amejaribu kuacha kwa kukaza roho akashindwa, na si kwamba hapendi, nimemwona akihangaika. Majuzi mwenzake kazini amemshauri ahamie vepu, hii sigara ya kielektroniki, kwa kuwa haina moshi wala lami. Nikamwambia sawa, jaribu.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nikifua nguo za mdogo wangu tunayeishi naye, yuko kidato cha tatu. Mfukoni mwa sweta ya shule nikapata kidude cha waridi chenye urefu wa kidole, kinanukia embe. Kimeandikwa asilimia 5. Kijana huyu hajawahi kuvuta sigara hata moja. Nilipomuuliza akanijibu kwa heshima kabisa: "Dada, si hii ndiyo umemwambia shemeji atumie?"

Nilikosa jibu. Nielezeni faida na madhara ya kitu hiki kwa ukweli, na jinsi ya kuwaambia watu wawili wa nyumba moja maneno tofauti kuhusu kitu kimoja. Video za kutishana za WhatsApp nimezitazama za kutosha, msinitumie nyingine.

Kamau wa Githurai

Pole dada. Mimi kwa maoni yangu wote wawili waache. Kampuni kubwa za sigara duniani ndizo hizohizo zinauza hizi vepu. Mtu aliyekuuzia ugonjwa miaka yote hawezi kukuletea dawa.

Mfamasia, Ngara

Mama Riziki, swali lako ni zuri kuliko mengi ninayoulizwa dukani, kwa hiyo nitajibu kwa urefu.

Kwanza jinsi inavyofanya kazi. Ndani ya kile kidude kuna betri, waya mwembamba uliozungushwa tunaouita koili, pamba, na majimaji. Ukivuta, betri inapasha koili moto, majimaji yaliyo kwenye pamba yanageuka mvuke, unaingia mapafuni. Majimaji hayo ni propilini glaikoli, glisirini, viungo vya kuleta ladha, na nikotini. Aliyeunda ile ya kisasa ni mfamasia wa China, Hon Lik, mwaka 2003, naye alikuwa mvutaji aliyetafuta njia ya kuacha.

Tofauti kubwa na sigara ni kwamba hakuna kinachoungua. Tumbaku ikiungua hutoa kemikali zaidi ya 7,000, na zinazojulikana kuleta saratani ni kama 70. Lami inayoganda mapafuni na kaboni monoksidi inayonyang'anya damu oksijeni vyote vinatokana na kule kuungua. Nikotini ndiyo inayomfunga mtu, lakini moshi ndio unaomuua. Wanaoendelea kuvuta sigara, hadi nusu yao huuawa na tumbaku. Kwa hiyo mvutaji wa muda mrefu kama mumeo akihama KABISA kutoka sigara kwenda vepu, mwili wake unapumzishwa sumu nyingi sana. Kaboni monoksidi peke yake hushuka ndani ya siku moja au mbili.

Je, inasaidia kuacha? Uingereza walifanya utafiti uliotolewa mwaka 2019, wavutaji 886 waliogawanywa makundi mawili. Baada ya mwaka mmoja, waliopewa sigara ya kielektroniki na bado hawavuti sigara za kawaida walikuwa asilimia 18, na waliopewa dawa za kawaida za nikotini kama bandeji za kubandika ngozini na chingamu, asilimia 9.9. Hiyo ni karibu maradufu. Lakini soma na upande wa pili: kati ya wale waliofaulu, asilimia 80 ya kundi la vepu walikuwa bado wanavuta vepu mwaka ulipoisha. Wa chingamu na bandeji waliokuwa bado wanazitumia walikuwa asilimia 9 tu. Waliondoka kwenye sigara, hawakuondoka kwenye nikotini.

Sasa madhara. Mvuke si maji. Koili ikipata moto kupita kiasi hutoa fomaldihaidi, na wapimaji wamekuta madini ya nikeli, kromiamu na hata risasi yanayotoka kwenye vyuma vyake. Nikotini inapandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Mwenye pumu hukerwa na mvuke. Na vifaa hivi havijakaa duniani muda wa kutosha kutuonyesha mapafu ya mtu aliyevitumia miaka 40, kama tunavyoyajua ya mvuta sigara.

Kwa mumeo, mizani inaegemea kwenye faida. Kwa mdogo wako hakuna faida hata moja, kwa sababu yeye hana sigara ya kuacha. Hilo ndilo jibu la swali alilokuuliza.

Achieng, South B

Daktari, lakini Marekani si watu walikufa kwa vepu? Nakumbuka ilikuwa habari kubwa kabla tu ya korona.

Mfamasia, Ngara

Ni kweli, Achieng. Hadi Februari 2020 walikuwa wamehesabu wagonjwa 2,807 na vifo 68. Wengi wao walikuwa wakivuta majimaji yenye kemikali ya bangi, yaliyonunuliwa mitaani, na ndani yake kulikuwa na vitamini E asetati iliyotiwa kuongeza uzito. Mafuta hayo ndiyo yaliyohusishwa zaidi na kuharibika kwa mapafu. Sisemi hivyo kuitetea vepu. Nasema hivyo kwa sababu hata hapa mjini kuna vichupo vya kujazia vinauzwa vichochoroni bila jina la mtengenezaji, na anayekuuzia hawezi kukuambia kuna nini ndani. Hivyo msiguse.

Otieno, Kibra

Shemeji yetu nimemwelewa sana. Nilivuta tangu nikiwa kondakta, na kilichonitoa ni vepu. Sasa sivuti chochote. Nitasema yale ambayo mfamasia hajayagusa.

Mwambie achague siku moja, na siku hiyo sigara zitoke nyumbani, kazini na kwenye mfuko wa koti. Wengi pale steji kwetu wananunua vepu halafu wanaendelea na sigara: vepu wakiwa ndani ya gari, sigara wakishuka. Hao wameongeza gharama tu. Mtu anajidanganya kwamba amepunguza kutoka pakiti hadi moja baada ya chakula, lakini daktari wa kliniki aliniambia moyo hauhesabu hivyo, hata sigara moja kwa siku inabeba karibu nusu ya hatari ya moyo ya yule anayevuta 20.

Pili, asinunue hizi za kutupa. Anunue ya kujazwa, ya duka linalojulikana, aanze na nikotini ya kumtosha ili asirudi kwenye sigara, halafu ashushe kidogokidogo hadi sufuri. Ya kutupa huwezi kushusha, unapewa kipimo kilekile kila mara, na wewe unazidi kukizoea.

Na saa ile ya alfajiri, kabla ya chai, ndiyo itakayomshinda au kumshindia. Kaa naye saa hiyo. Mke wangu alikuwa ananitengenezea tangawizi ya moto, tunazungumza hadi hamu inapita. Hamu ile haikai sana, dakika chache tu, ila mtu akiwa peke yake zinaonekana ndefu.

Mwalimu wa Biolojia, Kasarani

Nimesoma yote na nashukuru, lakini naomba tusimsahau kijana. Tunamzungumzia mzee kwa sababu tumezoea ugonjwa wake.

Shuleni vidude hivi tunavikuta chooni, ndani ya soksi, hata ndani ya kalamu zilizotobolewa. Havina harufu ya moshi, kwa hiyo mwanafunzi anavuta kati ya kipindi na kipindi na mwalimu hajui. Zamani kijana akivuta sigara mara ya kwanza anakohoa na kutapika, koo lenyewe linamkanya. Hizi za sasa zina nikotini ya chumvi, ambayo haikwaruzi koo, na juu yake wameweka embe, tikitimaji na mnanaa. Koo halimkanyi tena.

Mama Riziki, hiyo asilimia 5 uliyoiona maana yake ni kama miligramu 50 za nikotini kwa kila mililita. Nchi za Ulaya kiwango cha juu walichoruhusu ni 20, hata kwa mtu mzima. Ubongo wa binadamu unaendelea kujengeka hadi kama miaka 25, na nikotini inaingia palepale penye umakini, kumbukumbu na kujizuia. Ninawaona darasani: kijana aliyekuwa mtulivu sasa hamalizi kipindi bila kuomba ruhusa ya kutoka, na akinyimwa anawaka hasira. Si utovu wa nidhamu peke yake, huyo ameshikwa.

Sheria yetu hapa Kenya ya Kudhibiti Tumbaku ni ya mwaka 2007, imekataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18, lakini iliandikwa kabla vitu hivi havijajaa madukani. Uganda wao waliziba pengo hilo kwa sheria yao ya 2015, wakapiga marufuku sigara za kielektroniki kabisa. Hapa kwetu Seneta Catherine Mumma alipeleka mswada wa marekebisho Seneti mwaka 2024 ili bidhaa hizi nazo ziguswe. Kwangu mimi, hata kama zitabaki kwa watu wazima, ladha za peremende ziondoke leo.

Otieno, Kibra

Mwalimu, kwa heshima, hapo sikubaliani nawe kabisa. Ladha ndiyo iliyonifanya nichukie sigara. Ningepewa vepu yenye ladha ya tumbaku ningerudi kwenye tumbaku yenyewe. Mkiondoa zote, mnawarudisha wengi kibandani kununua moja moja.

Mwalimu wa Biolojia, Kasarani

Otieno, nakuelewa na nafurahi uliacha. Lakini kwa kila Otieno mmoja mimi nina darasa zima mbele yangu. Anayeuza anajua vizuri peremende hupendwa na nani.

Mama Riziki, Umoja

Mungu awabariki. Nimemsomea mume wangu yote, akaniomba nirudie ile sehemu ya kutumia vyote viwili. Naomba niulize mawili. Mtoto wetu ndiyo kwanza anatambaa, je, mvuke ndani ya nyumba una shida? Na mdogo wangu jana nilipomnyang'anya kidude hakulala, anatetemeka mikono, amekasirika na kila mtu. Nimrudishie kidogokidogo au la?

Mfamasia, Ngara

Usimrudishie. Anachopitia ni mwili kudai nikotini. Siku za kwanza ndizo ngumu kuliko zote, kisha hupungua, na kwa wengi wiki mbili hadi nne zinatosha kutulia. Anywe maji, alale mapema, apunguze chai ya rangi na soda za kuongeza nguvu jioni. Asipoonyesha nafuu, au ukiona huzuni nzito, mpeleke kwa daktari, maana wa umri wake hapewi dawa za nikotini bila kuonwa kwanza. Pia kuna simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, 1192, unaongea na mshauri bila kuulizwa mambo ya polisi.

Kuhusu mtoto: ndani ya nyumba pasivutwe chochote, iwe sigara au vepu. Mvuke una madhara machache kuliko moshi, lakini una nikotini na chembe ndogo ndogo, na mapafu ya mtoto hayana haja ya vitu hivyo. Jambo la hatari zaidi ni kichupo. Majimaji yale yananukia matunda, na mtoto anayetambaa hutia kila kitu mdomoni. Kiasi kidogo tu kinaweza kumtia sumu, na hata yakimwagika kwenye ngozi hupenya. Yafungiwe kabatini juu, kama mnavyofungia dawa ya panya. Akiyameza, usimtapishe, kimbia hospitali na kichupo mkononi.

Na mumeo ajue kwamba vepu si njia pekee. Chingamu ya nikotini inapatikana kwa chemisti. Kwa kuwa anavuta kabla ya chai, mara nyingi anayevuta ndani ya nusu saa baada ya kuamka huanza na ile ya miligramu 4, si 2. Haitafunwi kama peremende: anatafuna polepole hadi imwashe kidogo, anaiegemeza kati ya ufizi na shavu, kisha anarudia. Asinywe kahawa wala soda robo saa kabla. Ningemwambia ajaribu hiyo kwanza chini ya usimamizi, na ikimshinda ndipo vepu, kwa sababu dawa hizi tunazijua vizuri zaidi.

Kamau wa Githurai

Mimi nilisema wote waache, na bado nasema hivyo, ila naona njia ya mzee ni ndefu kidogo. Dada, huyo kijana usimpige wala usimwanike mbele ya wageni. Muulize nani anamuuzia. Huku kwetu tulipata mwenye kinyozi ndiye anawauzia watoto, tukaenda wazazi pamoja, akaacha.

Mama Riziki, Umoja

Amesema mwenyewe. Ni duka la vifaa vya simu karibu na steji, wanalipa kwa simu na hawaulizwi umri. Jumamosi nitaenda na mama wengine wawili ambao watoto wao wanasoma naye, na chifu ameahidi kutuma mtu.

Mume wangu ameamua kuanza na chingamu mshahara ukiingia, na vepu aisubirishe kwanza. Jana usiku yeye ndiye aliyekaa na mdogo wangu sebuleni. Sikusikia yote, ila nilimsikia akimwambia: "Mimi natafuta mlango wa kutoka, wewe ndiyo kwanza unaingia." Nikawaacha waendelee.

Mfamasia, naomba unieleze kama chingamu hiyo inauzwa bila karatasi ya daktari.

Mfamasia, Ngara

Inauzwa bila karatasi. Aje yeye mwenyewe, nimpime na shinikizo la damu palepale.