Bjørndalen na ukocha: medali zinatosha kumfundisha mtoto?

Mama Nasra, Drammen
Habari zenu ndugu zangu. Mwanangu wa miaka 12 ameanza bayathloni, mchezo wa kuteleza na ski na kupiga shabaha kwa bunduki. Klabu yao inatafuta kocha, na wazazi wengi wanamtaka aliyewahi kuwa bingwa. Mimi namuwaza Ole Einar Bjørndalen, mzaliwa wa hapa hapa Drammen, Norwei. Salt Lake City 2002 alishinda mbio zote nne za wanaume. Sochi 2014 akachukua dhahabu ya kilomita 10 akiwa na miaka 40! Mwaka 2019 China wakampa timu yao ya bayathloni aifundishe, yeye na mkewe Darya Domracheva, mwenye dhahabu nne za Olimpiki. Beijing 2022 hawakupata hata medali moja. Kwa nini?

Kombo wa Voss
Mama Nasra, usiwalaumu wale wawili. Mimi hujitolea uwanja wa shabaha, huu msimu wa nne. Mtoto anafika mkekani moyo unamdunda, kifua kinapanda na kushuka, halafu mita 50 mbele yake kuna duara la milimita 45 akilala, 115 akisimama. Yaani akilala analenga ndimu, akisimama analenga balungi. Katika mbio nyingi, kila risasi ikikosa anateleza mita 150 za ziada kama adhabu. Kukifundisha kidole kusubiri pumzi itulie ni kazi ya miaka mingi. Wao walipata miwili na kitu, na korona ikaingia katikati.

Sasa mtazame Siegfried Mazet, Mfaransa. Kwenye orodha ya wenye medali za Olimpiki humkuti. Ila ndiye aliyemnoa Mfaransa mwenzake Martin Fourcade, bingwa wa Olimpiki, katika kulenga, na 2016 Norwei wakamchukua. Mnorwei Johannes Thingnes Bø miguu alikuwa nayo tangu zamani. Chini ya Mazet shabaha nayo ikatulia, na Beijing akaondoka na dhahabu nne.

Kocha wa kulenga husimama nyuma na darubini, anaona risasi zinaangukia wapi, anasema "mbili kushoto", mtoto anasogeza kilengeo cha bunduki mibofyo miwili. Sauti ile ikiwa na hasira, mtoto anatetemeka. Tulikuwa na mmoja, mtelezaji hodari enzi zake, kila mtoto akikosa anamwambia "mbona mimi niliweza?" Binti mmoja mwenye kipaji kikubwa aliacha kabisa. Bado inaniuma.

Chebet
Kwetu Iten, Kenya, tunalijua hili. Bruda Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland, hakuwahi kuwa mwanariadha, lakini David Rudisha alipita mikononi mwake, hadi rekodi ya dunia ya mita 800, 1:40.91, pale London 2012. Nenda ukamwone kocha akiwa kazini, mama.

Mama Nasra, Drammen
Asanteni sana. Kaka Kombo, hiyo ya binti imenigusa. Jumamosi nitaomba wale wawili wanaotaka ukocha wa klabu yetu wasimamishwe na darubini nyuma ya watoto, kila mmoja nusu saa. Mimi nitakaa karibu nisikilize sauti zao.