Lisbon kwa siku moja: Belém au Alfama?

Msafiri_wa_Tanga
Wakuu, habari za jioni. Nina mkutano Porto. Nikimaliza nateremka Lisbon kwa treni, na nitabaki na siku moja kabla ya ndege ya kurudi Dar. Naweza kuchagua Jumatatu au Jumanne. Je, niimalizie Belém kwenye monasteri na mnara, au Alfama na ile ngome ya juu? Wengine wanasema niache vyote niende Sintra. Napenda historia, foleni sipendi, na magoti hayajambo ila si ya kijana tena.

Bint_Kibokoni
Belém, usijiulize mara mbili. Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa 1501, na fedha zilitoka kwenye ushuru wa asilimia 5 wa biashara ya Afrika na Asia. Ukiingia tu kanisani, karibu na mlango, unakutana na kaburi la Vasco da Gama, na ng'ambo yake la mshairi Camões. Sisi tuliokulia jirani na Fort Jesus tumekaririshwa jina hilo shuleni mpaka likatuchosha. Sasa yuko pale, sanamu ya jiwe imelala chali, viganja vimekutana kifuani kama mcha Mungu mkubwa. Nilimwambia, "Kumbe ndiwe wewe!" Mlinzi akanitazama.

Ukitoka, vitumbua vya maziwa na mayai vya Pastéis de Belém viko hatua chache tu. Wanaoka tangu 1837. Kula vikiwa vya moto, nyunyizia mdalasini.

Kaka_Mbezi
Hapo napinga, dada. Belém ni majengo makubwa yaliyotawanyika kandokando ya mto, katikati barabara na reli, na jua la Julai halina huruma. Foleni ya monasteri nayo inakula asubuhi nzima, na mwenzetu kasema hapendi.

Alfama ni mji wenyewe. Tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 lilibomoa sehemu ya chini, Baixa, kisha moto na mawimbi ya bahari vikamalizia. Marquês de Pombal, waziri wa mfalme, akaijenga upya kwa mitaa iliyonyooka. Alfama ilinusurika kwa sehemu kubwa, ndiyo maana vichochoro vyake bado vinapinda na kubanana. Mtu aliyezoea Mji Mkongwe wa Unguja hatashangaa. Waislamu waliutawala mji ule zaidi ya miaka 400, mpaka Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, alipouteka 1147. Kwenye ukuta wa nje wa kanisa la Santa Luzia vigae vya buluu vinaonyesha vita hivyo, na hapo hapo unautazama mto wote bila kulipa senti.

Msafiri_wa_Tanga
Na kupanda, kaka? Ile tramu namba 28?

Kaka_Mbezi
Panda mapema sana au usipande kabisa. Saa nne asubuhi mmeshabanana, na wadokozi wanaijua vizuri kuliko madereva. Kanuni yangu: juu nenda kwa chombo, chini shuka kwa miguu. Vaa viatu vyenye soli ya kushika, yale mawe madogo ya njiani yanateleza hata yakiwa makavu.

Mama_Reading
Sintra ni nzuri lakini ni siku yake peke yake. Treni toka Rossio ni kama dakika 40, halafu mlima, halafu foleni za majumba. Iacheni.

Mngazija_wa_Kilwa
Nimesoma yote, na hakuna aliyegusa kitu ambacho Mswahili anapaswa kukiona Lisbon kabla ya kingine chochote. Museu Nacional de Arte Antiga, Rua das Janelas Verdes. Ulizia Custódia de Belém. Ni monstransi ya dhahabu, yaani chombo cha kuonyeshea Ekaristi, iliyotengenezwa na sonara Gil Vicente kwa amri ya Mfalme Manuel wa Ureno na kukamilika 1506. Dhahabu yake ni ile kodi ambayo Vasco da Gama alimlazimisha Amir Ibrahim wa Kilwa kuitoa mwaka 1502, alipotia nanga na meli za kivita na kutishia mji. Wala hawakuficha: jina la Kilwa limeandikwa kwenye kitako chenyewe. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuzunguka Ekaristi, kazi ndogondogo ya ajabu. Ni nzuri mno, na hilo ndilo linaloniudhi.

Bint_Kibokoni
Nimeishi Ureno na sikujua. Nimenyamaza.

Mwalimu_Historia
Tuongeze tu kwamba Kilwa haikuchimba dhahabu. Ilikuja kupitia Sofala, kutoka nyanda za Zimbabwe, na utajiri wa Kilwa ulikuwa kuishika njia hiyo. Miaka mitatu baada ya kodi ile, 1505, kamanda Mreno Francisco de Almeida aliushambulia mji hata hivyo, kisha akaichoma Mombasa.

Mama_Reading
Jamani, siku! Jumatatu Jerónimos wanafunga, na hilo jumba la makumbusho pia. Mtoto wa watu ataishia kupiga picha milango.

Msafiri_wa_Tanga
Asante mama, ni Jumanne basi. Naona hivi: asubuhi monasteri kabla haijajaa, mchana dhahabu ya Kilwa, jioni Santa Luzia. Ngome naiacha. Inawezekana?

Mngazija_wa_Kilwa
Inawezekana, maana makumbusho yako njiani kurudi mjini. Chukua tramu 15 toka Belém, ushuke barabara ya mtoni, halafu kuna ngazi za kupanda. Magoti yatalalamika kidogo.

Kaka_Mbezi
Nimekubali kugawana. Ila ukiwa Belém pita pia kwenye mnara wa mabaharia wa 1960, utazame ramani ya dunia iliyochorwa kwa marumaru chini. Ilikuwa zawadi ya serikali ya makaburu wa Afrika Kusini. Hawakuona haya.

Mama_Reading
Na chakula cha jioni kama unataka halali, nenda Martim Moniz, mtaa wa Benformoso. Wabangladeshi wamejaa pale, biriani haina shida.