Milioni 3 za sadaka kutoka Mwanza: zipite njia ipi ili zifanye kazi, na TRA wazitambue?

Mzee wa Mwaloni
Wakuu, habari za jioni. Tuna kampuni ya familia ya dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Faida ya mwaka huu inaelekea milioni 60 kabla ya kodi, na nyumbani tumekubaliana kutoa milioni 3. Njia ni tatu: madawati kupitia Mfuko wa Elimu, shirika la hapa linalopambana na kichocho visiwani, au nimtumie dada yangu aliyeko Leicester achangie vyandarua vya Against Malaria Foundation, maana huko serikali huongeza juu ya sadaka. Mnashauri ipi?

Hesabu Nyakato
Mkuu, soma kifungu cha 16 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004. Mchango kwa taasisi ya hisani unapunguzwa kwenye faida kabla ya kodi kukokotolewa, ila usizidi asilimia 2 ya faida ya biashara. Kwako ni milioni 1.2. Kodi ya kampuni ni asilimia 30, kwa hiyo unaokoa 360,000 tu hata ukitoa milioni 3 zote. Mfuko wa Elimu ulio chini ya Mamlaka ya Elimu Tanzania (TEA) hauna ukomo huo, utaokoa 900,000.

Halafu, shirika hilo likuoneshe hati ya Kamishna wa TRA inayolitambua kuwa la hisani. Mteja wangu aliridhika na cheti cha usajili wa NGO. Ukaguzi ulipokuja, mchango wote ulirudishwa kwenye faida, akalipa kodi pamoja na riba. Iliniuma, kwa sababu alitoa kwa moyo safi.

Shangazi Ughaibuni
Niko Uingereza. Kweli Gift Aid ipo: pauni 100 zinalifikia shirika zikiwa 125. Lakini lazima ziwe pesa za mtoaji mwenyewe, na awe amelipa kodi ya kutosha huku. Zako zikipitia kwa dada, hairuhusiwi. Mwombe atoe zake. Shirika ni zuri, GiveWell, wanaopima ubora wa mashirika ya hisani, wamelipendekeza miaka mingi.

Muuza Mitumba Igoma
Na sisi tunaolipa kodi ya makadirio?

Hesabu Nyakato
Kodi yenu inakokotolewa kwenye mauzo, si kwenye faida. Hakuna nafuu hapo, ndugu yangu. Hata mwajiriwa anayekatwa PAYE haipati.

Mwalimu wa Kisiwani
Nafundisha Ukerewe. Siku ya dawa ya kichocho watoto wanasimama mmoja mmoja kwenye kijiti cha kupimia urefu, na alama ya kichwani ndiyo inasema ameze vidonge vingapi. Dawa yenyewe, praziquantel, kampuni ya Merck wanaitoa bure kupitia WHO. Gharama ziko kwenye mafuta ya boti, na kwenye uji. Vidonge ni vikubwa, vichungu, na mtoto mwenye njaa anavitapika. Nimeona darasa zima likimeza kwa sababu ya kikombe kimoja cha uji kila mtoto. Ni kweli jioni wanarudi ziwani kuteka maji na wanaambukizwa tena, ndiyo maana dawa inabidi irudiwe. Madawati ni mazuri, lakini mtoto anayekojoa au kuharisha damu hasomi.

Hesabu Nyakato
Mwalimu, tofauti ya kodi ni 540,000. Hizo nazo ni uji.

Mzee wa Mwaloni
Ni kweli, ila kodi nilishapanga kuilipa. Uji sikuwa nimeuwaza kabisa. Mama watoto amesoma haya yote, anasema milioni 2 ziende kisiwani na moja TEA. Kesho asubuhi nakwenda kwa hilo shirika kuomba nakala ya hati ya Kamishna kabla sijatoa hata shilingi. Mwalimu, siku ya dawa kwenu inaangukia mwezi gani?